Njia Moja na Baba Mkwe

Asubuhi ile ya Jumamosi, mwezi wa kumi mwaka 1998, Nyaguthii alikuwa akiogopa viumbe wawili, na wote wawili walikuwa ndani ya gari lililotangulia mbele yao. Wa kwanza alikuwa mbwa. Wa pili, Mungu amsamehe kwa kumweka mzee wa watu fungu moja na mbwa, alikuwa baba mkwe.

"Wifi, huo mkanda utaukata kwa kuuvuta," Rosemary alimwambia, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukitafuta karanga kwenye mfuko wa plastiki. "Tulia. Hujafa bado."

"Haki Rosemary, tumbo inaniuma. Si turudi tu?"

"Turudi wapi? Baba anapanda ndege Jumatatu. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Akatupia karanga mdomoni. "Haya, turudie. Ukikutana naye njiani?"

"Natoka njiani. Nachuchumaa, nampa mgongo, nafunika kichwa na kanga."

"Akipita?"

"Siinuki mpaka nisisikie viatu vyake."

"Jina lake?"

"Silitaji."

"Na ukimgusa?"

Nyaguthii aligeukia dirishani. "Hiyo hata usiniulize."

Jina la mzee lilikuwa Isack. Mimi ninayesimulia nina ruhusa ya kulitaja. Nyaguthii hakuwa nayo, na kwa siku nane alizokuwa mzee huyo Marekani hakuwahi kulitamka hata akiwa peke yake bafuni. Mzee Isack alikuwa ametoka Tukuyu, kwa Wanyakyusa, ambako mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa wa mjini. Mzee Isack hakulegeza hata uzi mmoja. Gwakisa, mwanawe wa mwisho, alipompigia simu kumwambia amepata mchumba, na mchumba mwenyewe ni Mkikuyu wa Nyeri, mzee alinyamaza mpaka Gwakisa akadhani laini imekatika. Kisha akasema: "Mkenya ataiweza wapi mila yetu? Nitakuja nione."

Akaja aone kwa kutoona. Na nyumba ya Rosemary, dada yake Gwakisa, kule Oxon Hill, walikokaa mzee na Nyaguthii, jamani, vyumba viwili na ukumbi mwembamba, haikujengwa kwa ajili ya watu wanaokwepana. Jumanne iliyopita Nyaguthii alisimama ndani ya bafu, nyuma ya pazia, dakika arobaini nzima, kwa sababu mzee alikuwa amekaa sebuleni akitazama taarifa ya habari na njia ya kutokea ilipita mbele ya magoti yake. Alitoka humo miguu imekufa ganzi, akaenda moja kwa moja kazini, mji wa Columbia, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa muuguzi, akalia kidogo kwenye stoo ya mashuka.

Matembezi haya yalikuwa wazo la Gwakisa. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani katika kampuni ndogo iliyochapisha vijitabu vya matembezi ya siku moja huko Italia ya kaskazini: njia nyepesi, za familia, ambazo hata mtoto wa miaka mitano na mbwa wake wanaweza kuzimaliza kabla ya chakula cha mchana. Usiku akimpigia Nyaguthii simu, badala ya maneno matamu alimsomea kurasa. "Njia ya saa mbili, kando ya ziwa, chini ya miti ya njugu za Ulaya. Chemchemi ya maji baada ya kanisa. Mwenye mgahawa huweka bakuli la maji mlangoni kwa ajili ya mbwa." Nyaguthii akawa analala na picha ya hilo ziwa. Gwakisa mwenyewe hakuwa amekanyaga huko. Sasa mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata kampuni ilikuwa inampeleka, kwa miaka miwili, azipite hizo njia zote kwa miguu yake. Kama wangefunga ndoa kabla, wangekwenda wawili.

Basi akaichorea familia yake kijikaratasi, sawasawa na vile vya Italia, cha kilima kimoja kaskazini ya Maryland. Njia ya mduara, mwendo wa saa moja na nusu. Pale chini, penye alama za mtoto na mbwa na maji, aliongeza kofia moja na kanga moja, zikifuatana upande mmoja. Baba na yeye wangetangulia. Rosemary na Nyaguthii wangefuata baada ya dakika ishirini, na chakula. Kwenye njia ya mduara, wote wakizunguka upande mmoja, hakuna anayekutana na mwenzake. Hesabu ilikuwa safi kabisa.

Walipofika kwenye maegesho, Rosemary alizima gari mbali, chini ya mti. Nyaguthii akajikunyata kitini. Kupitia kioo alimwona mzee kwa nyuma tu: koti la suti la kahawia, kofia, mgongo ulionyooka. Akayashusha macho haraka. Karibu na mguu wa mzee alisimama yule mbwa, mkubwa, rangi ya unga wa mahindi, ulimi nje.

Gwakisa alimwacha baba yake akisoma ubao wa maelekezo, akaja mbio upande wao. Akainama dirishani.

"Umelala?"

"Sijalala."

"Macho yamevimba."

"Asante sana, Gwakisa. Hayo ndiyo maneno msichana hupenda kusikia asubuhi."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Alikuwa na macho makubwa, ya mtu asiyejua kuficha kitu, na ndiyo yaliyomfanya Nyaguthii ampende tangu siku ya kwanza, walipogombea mwavuli mmoja kwenye kituo cha basi. Sasa aliyaangalia na kuona hofu ileile aliyoiona kwenye kioo chake mwenyewe alfajiri.

"Gwakisa. Akikataa?"

"Hatakataa."

"Akikataa?"

Gwakisa aligeuka akamtazama baba yake, kisha akarudisha uso. "Siwezi kuoa bila baba, mama. Sitakudanganya. Nikifanya hivyo, hata ukiwa pembeni yangu nitakuwa mtu nusu."

Nyaguthii alimpenda kwa kutomdanganya, na papo hapo alitamani kumpiga kofi. Akapitisha vidole dirishani, akamgusa kifundo cha mkono, kidogo tu.

"Na huyo mbwa wako?"

"Si wangu, ni wa bosi. Polenta hana neno."

"Mbwa wote hawana neno, mpaka siku ya kuuma." Kwenye shavu la mguu wake wa kushoto kulikuwa na kovu la meno, la tangu darasa la tatu, na lilikuwa likimwasha asubuhi ile. "Na jina gani hilo, Polenta?"

"Ni ugali wa Waitaliano."

"Mtu anaita mbwa wake Ugali?"

"Gwakisa!" Sauti ya mzee ilikata maegesho yote. Gwakisa alimtazama Nyaguthii mara moja tena, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na hajui ni nini, akaondoka.

Wanawake walisubiri dakika zao ishirini, kisha wakaingia msituni. Majani yalikuwa yamegeuka rangi, mekundu na ya manjano, na chini yalijaa mpaka njia ikawa ya kubahatisha, ungeifuata kwa michoro ya bluu kwenye magome. Upande wa kulia kilima kilipanda; upande wa kushoto kiliporomoka kwenye bonde la mawe. Njia yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja na nusu. Nyaguthii alibeba kiondo chenye chapati na kuku, kanga begani, na kila jani lililoanguka alilisikia kuwa hatua za mtu.

Walikuwa wamekwenda robo saa tu Rosemary aliposimama akajipiga paji la uso.

"Jamani! Thermos."

"Thermos gani?"

"Ya chai ya Baba, isiyo na sukari. Nimeiacha juu ya gari. Juu ya gari, wifi! Ngoja nikimbie."

"Usiniache hapa!"

"Kaa kwenye hilo gogo, usisogee. Wao wako mbele. Njia ni mduara, watarudi vipi?"

Na Rosemary, mwanamke wa kilo tisini, akateremka na kupotea kwenye kona.

Nyaguthii alikaa. Msitu ulinyamaza. Alihesabu pumzi zake, akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo, akanyamaza kwa sababu sauti yake ilimtisha. Akawaza miezi ishirini na nne ya kupiga simu kwa kadi. Akawaza Gwakisa akipita chini ya miti ile kando ya ziwa, peke yake, na siku moja si peke yake.

Majani yakachakarika mbele yake. Alipoinua uso, mbwa alikuwa amesimama katikati ya njia.

Alikuwa peke yake. Kamba yake ilikuwa ikiburuta chini.

Nyaguthii hakupiga kelele. Alipanda juu ya gogo, kiondo kifuani. Mbwa alimsogelea, akalia kwa pua, akarudi hatua tatu, akamsogelea tena. "Nenda," Nyaguthii alinong'ona. "Nenda kwenu. Tafadhali."

Ndipo akasikia viatu.

Hakuhitaji kutazama. Viatu vya ngozi, vya kwenda kanisani, na vilikuwa vinashuka, vinakuja upande wake, upande ambao karatasi ya Gwakisa ilisema haviwezi kuja. Akaruka kutoka kwenye gogo, akaingia majanini, akachuchumaa kumpa mzee mgongo, akajifunika kanga mpaka kidevuni. Mbwa nyuma, mkwe nyuma, na yeye haruhusiwi kugeuka.

Pita, aliomba. Pita baba, pita tu.

Lakini miguu ile haikupita sawasawa. Hatua moja, kimya, hatua mbili za haraka, kuburuta. Mzee alikuwa akisema kitu, maneno yamelegea, kama ya mlevi, na Mzee Isack hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Nyaguthii alifumba macho. Miaka minne alikuwa ameyasikia maneno ya namna hiyo usiku na mchana katika korido za wazee, na mwili wake ulijua kabla yeye hajakubali kujua.

Akasikia kishindo. Mawe yakaporomoka bondeni. Mbwa akabweka mara moja.

Hapo, msomaji wangu, alikaa bila kugeuka. Usimlaumu. Yawezekana zilikuwa sekunde tano, yeye mpaka leo anasema ilikuwa saa nzima. Akigeuka, ameona. Akimwona, amevunja. Akivunja, Gwakisa anakwenda peke yake. Na asipogeuka? Rosemary atakuja. Gwakisa atakuja. Mtu mwingine yeyote atakuja. Alisikiliza msitu wote na hakusikia mtu.

"Mungu wangu, nisamehe," alisema, akageuka.

Mzee alikuwa amelala ubavu ukingoni kabisa mwa njia, mguu mmoja ukining'inia bondeni. Mbwa alikuwa amejilaza upande wa chini, mgongo wake umemzuia asiteleze. Uso wa mzee ulilowa jasho, licha ya ubaridi ule wa asubuhi. Mikono ilimtetemeka, midomo ilikuwa ya majivu. Sukari imeshuka. Nyaguthii alipiga magoti. Mikono yake, iliyokuwa ikitetemeka kuliko ya mzee, ilipomshika mabegani ikatulia yenyewe, kwa mazoea.

"Ondoka," mzee alisema kwa ulimi mzito. Hata katika hali ile, alikuwa akiitafuta kofia yake ajifunike uso. "Nani... ondoka, mkamwana. Njia..."

"Usiongee, baba."

Alimvuta mpaka katikati ya njia. Akapekua kiondo. Chapati, kuku, ndizi za kupika; kila kitu walikuwa wamekipika kwa ajili ya mgonjwa wa sukari, hakuna hata chembe ya utamu. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti lake. Humo, kama kila siku ya kazi, kulikuwa na kiboksi kidogo cha juisi ya machungwa. Wauguzi wote wa kazini kwake walitembea nacho kwa ajili ya wazee wa namna hii. Ili kukifikisha mdomoni mwa mzee ilibidi apite juu ya mbwa. Pua ya mbwa ilimgusa shavuni, baridi na mbichi. Alihisi haja ndogo inataka kumtoka, lakini hakurudi nyuma.

"Meza, baba. Kidogo. Bado kidogo." Alimshika kichwa kwa mikono miwili, kichwa cha mvi ambacho hakupaswa hata kukijua umbo. Mzee aligeuza uso, Nyaguthii akaurudisha. Juisi ikamwagika kwenye koti la suti. Nyingine ikaingia.

Alisubiri vidole vyake vikiwa kwenye mshipa wa mkono wa mzee, akilia bila sauti. Dakika zikapita. Jasho likakauka. Macho ya mzee yakaanza kushika vitu: jani, mti, anga. Yalipoanza kushuka kuelekea kwake, Nyaguthii aliuachia ule mkono, akajivuta nyuma, akampa mgongo, akajifunika.

Mzee akajiinua, naye akageukia upande wa pili, wakakaa hivyo, migongo ikitazamana, katikati ya njia ya familia na mbwa.

"Polenta," mzee akasema.

Mbwa akainua masikio.

"Polenta, mwulize huyo aliye nyuma yangu. Amenipa nini?"

Nyaguthii aliduwaa chini ya kanga. Mzee hakuongea naye, hakuruhusiwa. Lakini hakuna mila iliyomkataza mtu kuongea na mbwa. Polenta, kana kwamba kazi hiyo ameizoea tangu azaliwe, aliinuka, akamzunguka mzee, akaja kusimama mbele ya Nyaguthii, uso kwa uso, pumzi yake ya moto ikimpiga puani.

"Polenta," alisema, sauti ikatoka nyembamba. "Mwambie... mwambie ni juisi ya machungwa. Sukari yake ilishuka."

"Mwambie nilimeza dawa yangu alfajiri."

"Mwulize alikula nini."

"Mwambie sikula. Jikoni kulikuwa na mtu anakaanga chapati tangu saa kumi na moja. Ningepita wapi? Nikamdanganya Rosemary nimekula mkate."

Nyaguthii alijishika mdomo. Mzee alikuwa ameshinda njaa kwa ajili ya kumkwepa yeye, na yeye alikuwa ameamka alfajiri kumpikia. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na kati ya hivyo viwili hofu ikarudi kubwa zaidi, kwa sababu sauti ya mzee ilikuwa imebadilika. Sasa ilikuwa imenyooka, sauti ya mtu anayejua alipo.

"Polenta. Kuna kitu sikikumbuki. Nakumbuka nimekaa kwenye jiwe kule juu. Gwakisa amekimbia njia ya mkato kufuata chakula kwenye magari. Baada ya hapo sina kitu, mpaka naona hili jani." Akakohoa. "Mwulize. Alinishika?"

Upepo ulipita kwenye majani. Hakuna aliyekuwa ameona. Msitu haukuwa na mashahidi ila mbwa, na mbwa yule, hata awe na uso wa huruma namna gani, asingesema. Neno moja tu lilitosha: hapana. Hapana, mwambie niliviringisha juisi mpaka mkononi mwake akanywa mwenyewe. Ndoa mwezi wa kwanza, ziwa mwezi wa tatu, macho yale makubwa kila asubuhi. Nyaguthii alifungua mdomo kusema hapana. Alilihisi neno lenyewe kwenye ulimi.

Akaogopa kuishi nalo kuliko alivyoogopa kitu chochote siku ile.

"Mwambie nilimshika," alisema. "Kichwa, na mikono miwili. Na mabega nikimvuta. Na nilimwona uso. Mwambie asimlaumu Gwakisa, ni mimi."

Wakati huo huo sauti zikasikika chini, za kuitana na kuhema, na Gwakisa akatokea kwenye kona akikimbia, Rosemary nyuma yake na thermos kifuani.

"Baba! Nilikwambia usitoke kwenye jiwe! Nimefika kwenye magari, namkuta Rosemary peke yake..." Akasimama. Akaona koti lililolowa, kiboksi cha juisi, kofia majanini, na Nyaguthii amejikunja chini ya kanga hatua mbili tu kutoka kwa baba yake. Rangi ikamtoka.

"Wifi," Rosemary alinong'ona. "Wifi, usiniambie umemgusa."

"Alianguka."

"Umemgusa?"

"Alikuwa anakufa, Rosemary! Ningefanya nini?"

"Yesu wangu." Rosemary akakaa chini palepale njiani, thermos na yeye. "Baba, sasa inakuwaje? Baba, sema kitu."

Gwakisa hakumwuliza chochote. Alipita pembeni ya baba yake, akachuchumaa mbele ya Nyaguthii, akaingiza mkono chini ya kanga akaupata mkono wake. Ulikuwa baridi kabisa. Aliubana. Nyaguthii akajua kwamba anaagwa. Ndivyo alivyoelewa. Aliyabana macho asiyaone yale macho makubwa, kwa sababu angeyaona asingeweza kuinuka tena.

"Inakuwaje," Mzee Isack akasema taratibu, akiitazama njia iliyo mbele yake. "Sijui inakuwaje. Baba yangu hakuniambia ikitokea hivi mtu afanye nini. Na baba yake hakumwambia yeye. Nadhani haikuwahi kutokea. Au ilitokea, na mkamwana akabaki amechuchumaa, na mkwe akafa akiwa ameheshimiwa sana."

Mzee hakuwa anatania.

"Nimemwuliza kama alinishika," akaendelea. "Sikumbuki kitu, Gwakisa. Angesema hapana, ningeamini. Ningerudi Tukuyu nikisema nimeona mkamwana anayejua mila, na nisingejua kamwe." Alipapasa majani mpaka akapata kofia, akaikung'uta, akaivaa. "Rosemary, nipe hiyo chai. Na chapati. Nina njaa."

Alikula. Walimngoja wote watatu, na mbwa wa nne, na mzee akatafuna chapati yake bila haraka, na kwa Nyaguthii kila tonge lilikuwa mwaka. Alipomaliza alifuta vidole kwa leso.

"Polenta."

Mbwa akasimama.

"Kabla sijapanda ndege lazima niandike barua ya posa, maana nikifika Tukuyu watu wa kunisumbua ni wengi na nitasahau. Barua haiandikwi kwa mtu asiye na jina. Mwulize huyo, baba yake anaitwa nani, na anakaa wapi."

Gwakisa alitoa sauti, si neno. Rosemary akaziba uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kumruka. Na mzee hakugeuka nyuma. Aliendelea kuitii mila yake kwa mgongo wake wote, akisubiri jibu kwa njia iliyo halali.

Polenta akaja. Alikuja mpaka kwenye magoti ya Nyaguthii, meno yake yote yakionekana, na Nyaguthii, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akivuka barabara akiona hata mtoto wa mbwa, alifungua kanga, akamkumbatia shingoni kwa nguvu zake zote kwa sababu pasipo kitu cha kushika angeanguka.

"Mwambie anaitwa Phineas Githaiga," alisema kwenye sikio la mbwa, kwa sauti kubwa, akilia, ili mzee asikie kila herufi. "Mwambie ni wa Othaya, karibu na kiwanda cha chai. Mwambie akiuliza hapo, kila mtu anamjua."